Seiko 5 ya mtumba: mkononi inakwenda, ikivuliwa usiku alfajiri imesimama. Tatizo nini?

#1 Mlandege_Kwetu
Assalaam alaykum jamani. Saa ni Seiko 5, mashine ya 7S26, mtumba wa Dubai, imenunuliwa Darajani elfu themanini. Mkononi haina tabu, inakimbia sekunde kama ishirini kwa siku. Ikivuliwa saa tatu usiku ikawekwa mezani, alfajiri inakutwa imesimama. Ukiitikisa kidogo inaondoka tena kama hakuna kitu.

Fundi wa kwanza kasema kamani (springi inayoiendesha saa) imekufa. Wa pili kasema rota, kile kipande kizito kinachozunguka nyuma mkono ukitikisika. Wa tatu anataka kuuza mashine nzima. Nani anasema kweli? Na kwa jumla, saa kama hii inatunzwaje kwetu huku kwenye chumvi na fukuto?

#2 FundiMkunazini
Waalaykum salaam. Wote watatu wanaweza kuwa kweli, na wote watatu wamekisia.

7S26 haitiwi ufunguo. Kile kichwa cha pembeni kazi yake ni siku, tarehe na akrabu tu, ukikizungusha kikiwa ndani hakijazi kitu. Kamani inajazwa na rota peke yake, yaani na mkono wako. Ikijaa inatakiwa iende masaa 40 na zaidi ikiwa imelala. Kwa hiyo suala la kwanza si "nini kimeharibika". Suala ni: saa haijai, au inajaa lakini haiweki?

Jaribio lake ni hili. Fungua kifuniko cha nyuma, sogeza rota pembeni, utaona gurudumu la meno lenye skrubu katikati, limekaa juu ya pipa la kamani. Chukua bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, zungusha kulia pole pole, mizunguko kama minane. Hapo kamani imejaa. Funga, laza saa uso juu, andika saa uliyoanza, usiiguse. Ikifika 40, kamani na magurudumu ni mazima na shida iko kwenye ujazaji. Ikifa mapema sana, shida iko ndani. Bisibisi nyembamba itateleza na kuchana gurudumu, au itakwenda moja kwa moja kwenye balansi, lile gurudumu linalopiga tik-tak, na hapo ndo utanunua mashine nzima kweli.

#3 Kusi_Kali
Ahsante fundi, ila mimi nasimama na yule wa pili, rota.

Chini ya rota kuna kiwiko chenye mikono miwili, kile Seiko wanachokiita Magic Lever, wanacho tangu 1959. Mkono mmoja unavuta gurudumu, mwengine unasukuma, ndiyo maana rota ikienda kulia inajaza na ikienda kushoto inajaza vilevile. Ncha za ile mikono zikiliwa, au zikishikwa na mafuta yaliyokauka, upande mmoja haushiki meno. Rota inazunguka, wewe unasikia inavuma, lakini unapata nusu ya ujazo.

Kutazama ni rahisi. Zungusha rota kwa kidole taratibu sana, kulia kisha kushoto, macho kwenye lile gurudumu la meno madogo. Lazima litembee upande ule ule mara zote mbili. Likikaa kimya upande mmoja, umemkamata mwizi. Tena kwanza tazama kama rota inagusa kifuniko: ukiona mstari wa duara uliokwaruzwa ndani ya kifuniko, beringi ya rota imelegea au skrubu yake haikukazwa.

#4 Mpemba_Asilia
Mnafungua saa za watu kabla hamjauliza suala la bure. Yakhe @Mlandege_Kwetu, inaposimama, akrabu zinaonesha saa ngapi?

#5 Mlandege_Kwetu
Mara nyingi saa saba au saa nane usiku, haizidi hapo. Halafu kuna jambo jengine sikulitaja: inaposimama, siku inakuwa imeandikwa Kiarabu, na mchana wake ilikuwa Kiingereza. Ndo nako kumeharibika?

#6 BintiWete
Hapana, hapo ndipo pazima. Kisahani cha siku kina maneno kumi na nne, saba ya Kiingereza na saba ya lugha nyengine. Saa zilizopelekwa Ghuba lugha ya pili ni Kiarabu. Kila usiku kisahani kinaruka mara mbili: kwanza kinapita kwenye Kiarabu, baadae kidogo kinafika Kiingereza cha kesho. Ukitazama saa saba usiku utakuta Kiarabu hata kwenye saa mpya kabisa. Ukitaka Kiarabu kibaki, vuta kichwa hatua moja, zungusha upande wa siku mpaka kifike Kiarabu, kuanzia hapo kitaruka Kiarabu kwa Kiarabu.

Ila kaka, hilo neno lako ni ushahidi mzuri. Tarehe inaanza kusukumwa kabla ya saa sita usiku, kisha siku inafuata mpaka karibu na alfajiri. Hayo ndiyo masaa ambayo mashine ina mzigo mkubwa kuliko yote. Saa inayofia Kiarabu mara kwa mara imefia katikati ya kusukuma siku. Grisi ya zamani chini ya visahani imegeuka gundi, au kisahani kimepinda kidogo kinasugua uso wa saa.

#7 FundiMkunazini
@BintiWete sahihi kabisa kuhusu lugha. Kuhusu hukumu, bado. Mtu akivua saa saa tatu usiku na kamani ina nguvu ya masaa matano tu, itafika saa nane bila ya kosa lolote la kalenda. Saa ni ile ile, sababu mbali.

#8 Tumbatu_77
Samahani kuingilia, nasoma kila pahali kuwa usibadilishe tarehe "saa tatu mpaka saa tisa". Ni akrabu ikiwa kwenye 3 au kwenye 9? Maana saa za wazee wengine huku zimewekwa Kiswahili kabisa, akrabu fupi inasimama kwenye 2 ikiwa saa mbili.

#9 Mpemba_Asilia
Suala zuri, na watu wameng'oa meno ya saa kwa kutolijua.

Usitazame saa ya ukutani, tazama mashine. Mashine haijui Kiswahili wala Kizungu, inajua kuwa kila akrabu fupi ikipita 12 mara mbili, tarehe inaruka mara moja. Peleka akrabu mbele mpaka tarehe iruke. Hapo akrabu fupi iko jirani na 12. Eneo la hatari ni kutoka akrabu fupi ikiwa kwenye 9 kabla ya kuruka mpaka iwe kwenye 4 baada ya kuruka. Kwa aliyeweka saa ya kawaida hiyo ni saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Kwa aliyeweka Kiswahili, 12 yake ni magharibi au asubuhi. Akiiweka iruke magharibi, tarehe inaingia pamoja na siku ya Kiislamu, raha yake hiyo, lakini eneo lake la hatari linakuwa kuanzia alasiri mpaka saa nne usiku.

Njia ya salama kwa wote: vuta kichwa mpaka mwisho, peleka akrabu mbele mpaka tarehe iruke, endelea mpaka akrabu fupi ifike 6 chini. Rudisha kichwa hatua moja. Weka tarehe na siku ya JANA. Vuta tena mpaka mwisho, peleka mbele mpaka iruke kuwa leo, kisha tafuta saa yako. Ukibadilisha ndani ya eneo la hatari, kidole kinachosukuma kisahani kimo ndani ya meno, unakilazimisha, kinavunjika au kinapinda. Halafu ndo unasikia "tarehe yangu inasimama nusu dirishani".

#10 Kaskazi_Mwanana
Mkimaliza hiyo mtutengenezee na ya mnara wa Beit al Ajaib ulioporomoka, maana tangu Disemba 2020 tunakwenda kwa kukisia tu 😂

#11 Kusi_Kali
Hiyo haina tatizo la kamani, ina tatizo la jengo.

#12 Kaskazi_Mwanana
Turudi kwenye saa. Mimi nina shaka hata kama ni 7S26 nzima. Mtumba wa njia ile mwingi umeunganishwa: uso wa saa hii, mashine ya ile, kifuniko cha tatu. Tazama namba ya nyuma na namba ndogo chini kabisa ya uso, zikitofautiana umeuziwa mseto.

#13 FundiMkunazini
Nusu kweli. Namba ya nyuma inaandikwa 7S26, kistari, kisha tarakimu nne. Zile nne za kwanza ni mashine, nne za pili ni kasha. Chini ya uso kuna herufi ndogo sana, nazo zinaanza na 7S26. Zile za mwanzo ndizo zinazotakiwa zilingane na zilingane pia na zilizochapwa kwenye mashine chini ya rota. Za pili za uso mara nyingi si sawa na za kasha hata kwenye saa iliyotoka kiwandani, kwa hiyo usimtukane muuzaji kwa hilo.

Namba ndefu ya nyuma inakupa umri: tarakimu ya kwanza mwisho wa mwaka, ya pili mwezi. Oktoba ni O, Novemba N, Disemba D. Ikianza na 52 ni Februari ya mwaka unaoishia na 5. Muongo wake unaujua kwa mashine: 7S26 imeanza 1996, kwa hiyo haiwezi kuwa 1985. Ukiona 7009 ndani ya kasha lililoandikwa 7S26, hapo umeuziwa mseto.

Uso uliopakwa upya unajulikana kwa maandishi manene, mistari ya dakika isiyokutana na alama za masaa, na rangi inayong'ara sana juu ya akrabu zilizochoka.

#14 Mlandege_Kwetu
Zote tatu zinasoma 7S26, alhamdulillahi. Na hizi sekunde ishirini mbele, nizirekebishe nikishaifungua?

#15 Mpemba_Asilia
Usiguse. Mdogo wake, 4R36, Seiko wenyewe wanaandika kutoka sekunde 45 mbele mpaka 35 nyuma kwa siku. Ishirini kwa mashine kama hiyo ni neema.

#16 BintiWete
Na akigusa atagusa pasipo. Juu ya balansi kuna vijiko viwili vimepandana. Kimoja ndicho kinacholeta mbele na nyuma, kina alama ya + na −. Kile chengine kinageuza pale unywele (springi nyembamba ya balansi) ulipofungwa, kikisogezwa "tik" na "tak" zinaacha kulingana na saa inaanza kuchechemea. Watu wanasukuma vyote viwili pamoja kwa ncha ya bisibisi, halafu wanashangaa saa inataka kutikiswa ndo iondoke. @Mlandege_Kwetu wewe mwenyewe umesema ikisimama inataka kutikiswa. Isije ikawa mmoja wa mafundi wale watatu keshapita hapo.

#17 Kusi_Kali
Kila saa ya otomatiki iliyokwisha kamani inataka kutikiswa, dada. Hilo si ushahidi.

#18 BintiWete
Iliyokwisha, ndiyo. Lakini saa yenye nguvu kidogo na tik-tak zilizolingana inaondoka yenyewe mara kamani ikipata robo mzunguko. Azungushe ile skrubu taratibu bila ya kuitikisa saa, aone balansi inaamka lini. Ikiwa mizunguko miwili imepita na balansi imelala, tik-tak haziko sawa au pana uchafu.

#19 Darajani_Usiku
Mbona hamjataja sumaku? Spika za redio, vifuniko vya mikoba, simu. Weka saa juu ya dira ya simu, ikisogea tu ina sumaku.

#20 FundiMkunazini
Dira itasogea kwa chuma chochote, na ndani ya saa kuna vyuma. Unachotafuta ni dira inayotetemeka pamoja na mapigo ya balansi. Tena sumaku kwa kawaida inashikanisha mizunguko ya unywele, saa inakimbia dakika kadhaa kwa siku, si sekunde ishirini. Kile kidude cha buluu cha Kichina cha kutolea sumaku kinafanya kazi, ila bonyeza kitufe saa ikiwa juu yake, inyanyue taratibu mpaka mkono unyooke, ndipo uachie. Ukiachia saa ikiwa bado karibu umeitia sumaku upya.

#21 Darajani_Usiku
Shukran. Basi atie mafuta kidogo tu ya cherehani, nyingi zinaamka hivyo.

#22 Kusi_Kali
Yallah, wamekuja.

#23 Mpemba_Asilia
Heri angesema mafuta ya karafuu, angalau saa ingenukia.

#24 Tumbatu_77
Kwani ya karafuu hayafai? 😅

#25 FundiMkunazini
Ya karafuu yanakula plastiki. Ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, chumba chenye kiyoyozi kinatosha kuyagandisha. Ya cherehani yanaiamsha saa kweli, kwa sababu yanalainisha uchafu. Baada ya miezi yanatambaa mpaka kwenye unywele, mizunguko inashikana, saa inaanza kukimbia, na mwenyewe anasema sumaku.

Saa haitiwi mafuta juu ya uchafu. Inafumuliwa, inaoshwa, ndipo inatiwa, na kila pahali na aina yake: jepesi kwenye ncha za magurudumu ya haraka na balansi, zito kwenye magurudumu ya pole yenye nguvu, tone dogo kwenye vito vya nanga (kile kiwiko kinachozuia na kuachia gurudumu kila pigo) vinavyogusa meno. Ncha za nanga yenyewe haziguswi na mafuta. Tone linajaza nusu ya kisima cha kito, likifurika limenyonywa lote nje na kito kinabaki kikavu.

Jengine: wanaoosha kila kitu kwa spiriti wanaharibu. Vito vya nanga vimegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi, na spiriti inayeyusha shelaki. Nanga na balansi zipite benzini safi, kwa muda mfupi. Mafuta ya taa yanaacha utando.

Na sababu ya tano ya kesi hii, hakuna aliyeitaja: ukuta wa pipa. Kamani ya otomatiki haikufungwa kwenye pipa. Mwisho wake unashika ukuta kwa kujikaza, ikijaa inateleza ili isikatike. Pale panatakiwa grisi maalumu inayoshika. Fundi akipaka mafuta laini, kamani inateleza kabla haijajaa. Rota nzima, kiwiko kizima, kamani nzima, na bado saa haipati zaidi ya nusu.

#26 Kaskazi_Mwanana
Kwa hiyo sasa tuna kamani, kiwiko, kalenda, tik-tak na ukuta wa pipa. Fundi wa tatu aliyetaka kuuza mashine nzima ataibuka mshindi.

#27 BintiWete
😂 Tujibu na lile la utunzaji.

Adui wa saa huku ni maji ya udhu kuliko bahari. Bahari mtu anaiogopa, anavua. Udhu ni mara tano kwa siku, saa inasukumwa juu mkononi, kichwa kinagandamizwa na mkono uliorowa. Raba ya kichwa na raba ya kifuniko kwenye mtumba zimekuwa ngumu kama kucha, hata kama nyuma imeandikwa inastahamili maji. Vua saa. Mkifungua kifuniko, itoeni raba, itazameni: ikiwa bapa au ina nyufa, badilisheni kwa kipimo kile kile, ipakeni grisi ya silikoni kidogo mpaka ing'are tu.

Kujua kama ina unyevu kabla ya masika: ipashe moto juu ya kisimbuzi kinachowaka, robo saa inatosha, kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja, ufute. Ukiona ukungu ndani chini ya lile tone, unyevu umo.

#28 Tumbatu_77
Na ukiwa umo ndo kwenye mchele?

#29 Kusi_Kali
Mchele ule. Saa iliyofungwa haiukaushi mchele wala mchele hauikaushi, na ukiifungua ndo unaingiza vumbi la wanga kwenye mashine. Juani ndo vibaya zaidi, maji yanapanda kuwa mvuke, usiku yanarudi kuwa matone juu ya akrabu. Fungua kifuniko, weka saa ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyowekwa kwenye viatu vipya na mikoba, usiku mmoja. Hilo ni kwa ukungu wa kawaida. Yakiingia maji ya bahari hakuna kukausha, chumvi inabaki. Ipelekwe siku hiyo hiyo ikafumuliwe, kesho ncha zishaota kutu.

#30 Mpemba_Asilia
Si lazima ifumuliwe siku hiyo. Pemba fundi hapatikani kila pahali, boti hadi kesho. Mashine ikitolewa kwenye kasha na kuzamishwa kwenye benzini, kutu inasubiri.

#31 Kusi_Kali
Benzini haiyeyushi chumvi, sheikh. Inafukuza maji tu.

#32 Mpemba_Asilia
Na kutu bila ya maji inaota wapi?

#33 BintiWete
Mtapigana baadae. Cheni ioshwe ikiwa imetolewa kwenye kasha, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, ikauke kabisa. Pini mbili zinazoshika cheni zibadilishwe mara tu unaponunua mtumba. Ni za bei ndogo, na chumvi inazila ndani ambako huoni. Kioo cha Seiko hizi ni Hardlex, dawa ya meno haiondoi mikwaruzo yake, inafaa kwenye vioo vya plastiki tu.

#34 Mlandege_Kwetu
Shukran nyote. Matokeo: kiwiko kinavuta pande zote mbili, kifuniko hakina mkwaruzo. Balansi imeamka yenyewe kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Mizunguko minane, ikalazwa uso juu saa kumi na moja na nusu jioni. Imesimama baada ya masaa 31, akrabu saa sita na nusu usiku wa pili. Kwenye dirisha tarehe imesharuka, siku bado iko nusu, nusu Kiingereza nusu Kiarabu.

#35 Kusi_Kali
Basi rota na kiwiko mviachie. Nimesalimu.

#36 BintiWete
Nusu Kiingereza nusu Kiarabu! Kalenda, nilisema mapema. Ina nguvu, imekufa inasukuma kisahani.

#37 FundiMkunazini
Usiku wa kwanza imekisukuma kisahani kile kile bila ya tabu, dada, kwa sababu kamani ilikuwa imejaa. Masaa 31 badala ya 40 ni kamani iliyochoka, au ukuta wa pipa umeiachia mapema. Kalenda imeimalizia tu.

#38 BintiWete
Au kalenda nzito ndiyo iliyoila kamani nzima.

#39 Mpemba_Asilia
Msigombane, mtenganishe. Ijazwe tena minane, safari hii saa kumi na mbili asubuhi, ilazwe vile vile. Usiku wa manane wa kwanza utaifikia ikiwa na masaa 18, wa pili ikiwa na 42. Ikiwa ni kamani, itakufa tena kwenye 31 hivi, yaani saa saba mchana wa kesho yake, kalenda ikiwa imetulia na siku imesomeka sawasawa. Ikivuka mchana ule ikaenda kufia usiku kwenye kisahani, ni grisi ya chini ya uso, na hapo pipa lisifunguliwe.

#40 Kusi_Kali
Na ikifa saa kumi na moja jioni?

#41 Mpemba_Asilia
Hapo mwite yule fundi wa tatu.

#42 FundiMkunazini
Ikifa jioni, masaa 35, ni vyote viwili kidogo kidogo, yaani uchafu wa kawaida wa mashine isiyooshwa miaka mingi. Na @Mlandege_Kwetu, kabla hujaifunga leo, pangusa ule mfereji wa raba kwa kijiti kilichozungushiwa pamba. Weusi ule uliojaa mle ni jasho na vumbi, kipande kidogo kikidondokea kwenye balansi, majaribio yote haya hayana maana.